Mayi Moto na Gazi za Chini ya Ziwa: Zinatoka Wapi?



Tukiulizwa maji ya Lualaba yanatoka wapi, wengi watajibu: Katanga. Ni kweli, lakini si kweli yote. Chukueni ramani ya Kongo, muweke kidole juu ya Goma, kwenye Ziwa Kivu. Maji ya Kivu yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Maji ya Tanganyika nayo yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanakutana na Lualaba karibu na Kabalo, yanapita Kongolo, yanapita upande wa Kasongo, yanapita upande wetu wa Kibombo, yanakwenda Kindu. Si maji mingi, kwa maana sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika inakaushwa na jua mbele haijafika Lukuga. Lakini njia iko. Na katika njia ile, chini ya maziwa hayo mawili, kuna matundu yanayotoa mayi moto na gazi usiku na mchana.

Katika somo la jiografia tunafundishwa habari za matundu ya namna hii yaliyo chini ya bahari kuu, na mwanafunzi anafikiri ni mambo ya mbali, ya Pasifiki na Atlantiki. Sivyo. Yako pia kwetu mashariki, na mtu anayezama na chupa ya hewa mgongoni anaweza kuyafikia.

Mahali pa kwanza panaitwa Rasi Banza, kwenye ncha ya kaskazini ya ile nchi ndefu ya Ubwari inayoingia ziwani upande wa Fizi. Mahali pa pili panaitwa Pemba, kwenye pwani ya magharibi, kaskazini zaidi (si kile kisiwa cha karafuu cha Zanzibar, jina tu linafanana). Mwaka 1989 mtaalamu Jean-Jacques Tiercelin na wenzake Thouin, Kalala na Mondeguer walitangaza habari za matundu haya. Wakati ule nchi yetu ilikuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 1991 msafara ulioitwa Tanganydro ulikwenda tena, na wapiga mbizi wakashuka mpaka mita 46. Walipima maji yanayotoka katika mipasuko ya mawe, wakakuta digri 53 mahali pengine, na pengine, kule Banza, mpaka digri 103. Pale Banza maji yanajenga mabomba ya chokaa, meupe, yanayosimama kama kichuguu chembamba, mengine urefu wa sentimeta 70. Kule Pemba wakakuta mawe ya kiberiti kilichoungana na chuma, yale mawe yanayong'aa kama zahabu na kudanganya watu, na ndani yake vitu vyeusi kama lami.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza mara moja: Juu ya nini maji yafike digri 103 bila kuchemka? Jibu ni uzito. Maji yanachemka kwa digri 100 pale ambapo hewa peke yake ndiyo inayoyagandamiza, na tena kando ya bahari. Huko juu ya milima yanachemka mbele ya 100. Lakini maji yaliyo chini ya maji mengine yamebeba mzigo. Kila mita kumi za maji ni mzigo sawa na ule wa hewa yote ya juu yetu. Kwa hiyo, hata kwa mita chache, maji yanaweza kupita 100 na kukaa maji. Chini ya bahari, kwa mita 2.500, mzigo ni mara 250, na maji ya digri 350 yanatoka bila kuchemka hata kidogo.

Moto huo unatoka wapi? Pale Banza hakuna volkano inayowaka. Nyiragongo na Nyamulagira ziko mbali kaskazini. Lakini Tanganyika na Kivu ziko ndani ya lile bonde kubwa ambalo dunia ya Afrika inapasuka kidogo-kidogo, upande mmoja unakwenda magharibi na mwingine mashariki, milimeta chache kwa mwaka. Mahali pa kupasuka ganda la dunia linakuwa jembamba, na joto la chini linakaribia. Maji ya mvua na ya ziwa yanaingia katika mipasuko, yanashuka, yanapashwa moto, yanakuwa mepesi, yanapanda tena kwa mpasuko mwingine. Mama akiweka sufuria ya maji juu ya mbabula, munaona maji ya chini yanapanda katikati na ya juu yanashuka pembeni. Iko namna ile ile, ila sufuria yenyewe ni ya kilometa.

Sasa tuje kwa gazi, maana ndizo zilizotuleta hapa.

Mapovu yanayotoka pale Tanganyika ni zaidi CO2, ile gazi ambayo sisi wenyewe tunaitoa tukipumua na ambayo inafanya povu la tembo ya ngazi. Pamoja nayo kuna metani, CH4, gazi inayoshika moto, na ndugu zake wenye karboni zaidi. Chini ya bahari kuu orodha ni ndefu zaidi: CO2, metani, H2S inayonuka kama yai bovu, idrojeni, na heli kidogo sana. Matundu ya bahari yalionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, watu wakiwa ndani ya chombo kidogo kiitwacho Alvin. Mwaka 1979 wakaona mengine katika Pasifiki yanayotoa maji meusi kama moshi wa gari moshi. Katika Bahari ya Hindi, ile iliyo upande wetu, matundu ya namna hii yalionekana mwaka 2000, mahali wanapoita Kairei.

Watu wengi wanafikiri gazi zote hizi ni moshi wa moto wa chini, kama moshi wa kuni. Hapa ndipo kosa linapoingia. Tundu moja linaweza kutoa gazi tano, na kila moja ina ukoo wake. Tena gazi ya jina moja, metani kwa mfano, inaweza kuwa na wazazi mbalimbali.

CO2 nyingi inatoka katika mawe yaliyoyeyuka. Mawe yale yakiwa chini sana yanashika gazi ndani yao, kama chupa ya limonadi iliyofungwa. Yakipanda, mzigo unapungua, na gazi inatoka. Ni jambo lile lile munaloliona mukifungua kifuniko.

Idrojeni haikuwa gazi huko chini. Inazaliwa njiani. Acheni panga katika maji usiku wa siku nyingi: linashika kutu. Kutu ni chuma kilichokamata oksijeni. Panga letu linapata oksijeni yake zaidi kutoka hewani. Lakini chini ya bahari kuna mawe mazito yenye chuma mingi, na hewa hakuna. Maji ya moto yakiyagusa, chuma kinanyang'anya oksijeni ya maji yenyewe, ile O ya H2O, na H inabaki bila mwenzake. Ndiyo idrojeni. Mwaka 2000 waligundua katika Atlantiki mahali panapoitwa Lost City, ambapo maji ya digri 40 mpaka 90 yanatoa idrojeni na metani kwa njia hii, bila volkano. Ni kutu tu, kutu ya mlima mzima.

H2S ya baharini nayo ina wazazi wawili. Sehemu moja ni kiberiti kilichooshwa kutoka katika mawe. Sehemu nyingine ni chumvi ya kiberiti iliyo ndani ya maji ya bahari, ambayo mawe ya moto yanaigeuza kuwa gazi. Kwa binadamu gazi hii ni sumu. Kwa mikrobe za kule chini ni chakula, na minyoo mikubwa isiyo na kinywa wala tumbo inaishi kwa mikrobe hizo zilizo ndani ya mwili wake. Jua halifiki huko hata kidogo.

Kwa Tanganyika, jambo kubwa ni upishi. Ziwa hili ni la kale sana, lina urefu wa kwenda chini mita 1.470, na chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni. Majani, mwani, samaki waliokufa, vyote vinashuka na kulala katika tope bila kuoza vizuri. Tope lile limepandana muda wa mamilioni ya miaka mpaka limekuwa na unene wa kilometa kadhaa. Sasa pitisheni mayi moto katikati ya tope lile. Linapikwa. Linatoa metani, linatoa ndugu za metani, linatoa mafuta na ile lami nyeusi waliyoikuta Pemba. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba mafuta ya petroli yanahitaji mamilioni ya miaka. Lakini katika ghuba ya Guaymas, kule Meksiko, ambako mayi moto yanapita katika tope namna hii chini ya bahari, walipima mafuta yake na kuona kwamba karboni yake haijapita miaka 5.000 hivi. Moto ukiwa mkali, chungu hakichelewi.

Basi, wataalamu wanajuaje ukoo wa gazi? Metani ni metani, haina rangi wala harufu, na CH4 ya tope ni CH4 sawa na ile ya mawe. Lakini karboni haziko sawa zote. Katika karboni mia moja, karibu moja ni nzito kuliko wenzake kwa uzito kidogo tu. Mimea inapenda ile nyepesi. Mikrobe zinazofanya metani zinaipenda zaidi tena. Kwa hiyo metani yenye karboni nyepesi sana ni ya mikrobe, metani ya upishi iko katikati, na CO2 ya mawe ya moto ina karboni nzito kuliko hizo. Wanapima kwa mashine, kama vile muuzaji wa soko anavyopima mchele, ila mizani yao inapima atomu.

Shahidi wa pili ni heli. Kuna heli ya namna mbili. Heli-4 inazaliwa kila siku ndani ya mawe yenye urani. Heli-3 karibu yote ilifungiwa ndani ya dunia wakati dunia ilipofanyika, zaidi ya miaka miliari 4 iliyopita, na mpaka leo inatoka kidogo-kidogo. Mwaka 1969 Clarke, Beg na Craig waliikuta katika maji ya chini ya Pasifiki, miaka nane mbele ya watu kuona tundu lenyewe. Ukilinganisha na hewa yetu, heli ya matundu ya bahari kuu ina heli-3 karibu mara nane zaidi. Basi ukiikuta heli hiyo ndani ya maji, unajua kwamba maji yale yamegusana na kitu kilichotoka chini kabisa. Maji ya chini ya Kivu yana alama hiyo.

Na Kivu ndiyo ziwa la ajabu kuliko yote. Lina mita 485 za kwenda chini. Chini yake kunaingia chemchemi za maji ya moto yenye chumvi na CO2. Maji ya chumvi ni mazito, yanakaa chini, na ya juu hayachanganyiki nayo, kama mafuta ya ngazi juu ya supu. Mwaka kwa mwaka gazi inakusanyika. Imepimwa: kilometa kyubu 300 hivi za CO2, na karibu 60 za metani, kama gazi zile zingetolewa nje na kuwekwa katika hewa ya kawaida. Kilometa kyubu moja ni sanduku lenye kilometa moja kila upande. Hesabuni wenyewe.

Ile metani ya Kivu inatoka wapi? Si ya volkano moja kwa moja. Mwaka 1988 Schoell na wenzake walieleza kwamba karibu theluthi moja inatokana na vitu vinavyooza, na theluthi mbili inafanywa na mikrobe zinazochukua CO2 na kuigeuza metani. Sehemu kubwa ya CO2 ile ilitoka katika moto wa chini. Kwa hiyo karboni ni ya volkano, lakini kazi ni ya mikrobe. Mtu akikuuliza kama metani ya Kivu ni ya mawe au ya uhai, jibu sahihi ni kwamba ina baba huku na mama kule.

Gazi hii ina faida. Tangu mwaka 1963 metani ya ziwa ilitolewa Rubona, upande wa Gisenyi, ikawasha moto wa kiwanda cha bia. Mwaka 2016 Rwanda ilizindua kiwanda cha umeme cha KivuWatt, megawati 26. Wanashusha bomba chini sana. Maji yakianza kupanda, mapovu yanafanyika na kuyavuta mengine, yanapanda yenyewe. Kisha wanaosha gazi kwa maji: CO2 inapenda maji, inabaki humo, na metani isiyopenda maji inatoka.

Lakini ina hatari pia, na hapa naomba tusome polepole. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos, kule Kamerun, lilitoa CO2 yake kwa ghafula usiku. Watu zaidi ya 1.700 walikufa, wengine wakiwa mbali kilometa nyingi, wamelala nyumbani mwao. Hakukuwa na moto wala lava. Ndiyo sababu watu wanaitazama Kivu kwa woga, kwa maana karibu na pwani zake kunakaa watu milioni mbili na zaidi. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani, na gazi ya chini haikutikisika. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba gazi haikuongezeka kama ilivyodhaniwa zamani, na maji ya chini hayajafika kipimo cha kutoa mapovu yenyewe. Wanaosema katika soko kwamba Kivu itapasuka kesho hawana kipimo cha kuwaunga mkono. Na wanaosema haiwezi kupasuka kamwe, hao pia hawana.

Hatari inayoua watu kweli, mmoja mmoja, ni ndogo na iko karibu. Watu wa Goma wanaiita mazuku. Upande wa magharibi wa mji, mpaka Sake, CO2 inatoka katika mipasuko ya nchi kavu. Juu gazi ile ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haipandi: inatiririka kama maji na kujaa katika mashimo na mabonde madogo. Usiku na asubuhi mapema, pepo zikiwa zimetulia, ndiyo inajaa zaidi. Mtu mzima anapita amesimama bila kusikia kitu, na mtoto au mbuzi anayemfuata anaanguka, kwa sababu pua yake iko chini. Si uchawi. Hewa yetu ina CO2 chini ya sehemu moja katika elfu mbili. Ikifika sehemu kumi katika mia, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache. Ikifika thelathini, ni pumzi chache tu.

Kwetu Kibombo hakuna volkano, na sijasema mazuku iko hapa. Lakini wengine wetu tuna ndugu Goma, na wengine wakati wa likizo wanashuka katika mashimo ya kuchimba zahabu na kasiteriti, au katika visima. Shimo refu lisilo na pepo linaweza kuwa na hewa mbaya hata bila volkano. Vitu vinavyooza vinatoa CO2, na mawe mengine yanakula oksijeni, kutu ile ile tuliyoisema. Wazee wanashusha taa kwanza, na ikizimika hawashuki. Ni vizuri kutoshuka ikizimika. Lakini taa ikiendelea kuwaka, hiyo si ruhusa, maana inazimika ikiwa mtu amekwisha kuwa katika hatari. Na kama katika shimo kuna metani, taa hiyo hiyo ndiyo inayolipua.

Mwenzako akianguka ndani ya shimo au bondeni katika mazuku, usiruke kumfuata. Hivyo ndivyo wanavyokufa wawili, kisha watatu, kila mmoja akimwokoa aliyetangulia. Ita watu, tupieni hewa ndani kwa majani makubwa au kitambaa, na anayeshuka afungwe kamba kiunoni, na wenye nguvu wakiwa juu tayari kumvuta akinyamaza. Kwa mazuku, wa nje wakae upande wa juu wa mteremko. Na ukisikia harufu ya yai bovu, ondoka upesi. Harufu ikikatika ghafula, usifikiri gazi imekwisha: H2S ikizidi inaziba pua yenyewe, na mtu haisikii tena.